Kumtesa Mtu wa Hadithi

Jioni vyerehani vikinyamaza hapa dukani kwangu Ifakara, huwasimulia wasichana wawili wanaojifunza ushonaji hadithi ninayoitunga mwenyewe, ya mke wa mkulima wa mpunga. Mwanzo nilimhurumia mno: mume mwema, mavuno mazuri, mama mkwe mpole. Wiki ya pili wasichana wakaanza kupiga miayo.

Nikamkumbuka Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Pemba iliyotoka mwaka 1980. Niliisoma sekondari nikamchukia mwandishi. Binti anafungiwa ndani na babake, akitoroka anaangukia pabaya zaidi! Lakini ni Maimuna ninayemkumbuka hadi leo. Mabinti waliostarehe kwenye vitabu vingine hata majina yao sina. Na Nabii Yusuf je? Bila kisima na jela, nani angetokwa na machozi Nabii Yaakub anapokutana naye tena?

Basi nikaleta mafuriko. Mto Kilombero ukafurika, ukabeba mpunga wote, mume akaenda kutafuta kibarua asirudi.

Msichana mmoja akaweka mkasi chini, akatoka nje. Kumbe kwao yalitokea hivyohivyo.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Nikamwambia hiyo sehemu naifuta, kesho mume anarudi na magunia. Akatikisa kichwa.

"Endelea tu, dada. Ila usimrudishe haraka. Sisi baba bado tunamngoja."