Jimbo Moja, Bahari Pande Zote

Wadau, nipo Kilindoni, Mafia, na leo nina hesabu inayonikuna kichwa.

Sensa ya 2022 ilikuta watu 66,180 wilaya nzima. Uwanja wa Mkapa unachukua 60,000. Yaani Mafia yote, pamoja na Chole, Juani na Jibondo, ikienda kuangalia Simba na Yanga, watakaokosa viti ni elfu sita tu! Lakini hili ni jimbo kamili, lina mbunge wake. Tume ilipogawa majimbo mwaka 2025 yakafika 272, kigezo cha kugawa jimbo la vijijini kilikuwa watu 400,000. Hiyo ni Mafia mara sita.

Jamaa zangu wa Dar wanasema huu ni upendeleo, eti kura ya mvuvi wa Jibondo ina uzito kuliko ya mtu wa Mbagala. Kwa kalamu na karatasi wako sawa. Wamarekani wangewaunga mkono: Montana ilipopewa kiti cha pili cha Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi wa 2022, mstari ulipita katikati ili kila upande upate karibu idadi ileile ya watu.

Kwetu Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume iangalie pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Mimi naikubali. Tuunganishe na Kibiti uone: kura nyingi zitakuwa bara, na mgombea gani atajisumbua kupanda boti Nyamisati kuja kutuomba zetu?

Halafu tazameni Zanzibar: watu 1,889,773, majimbo 50. Wastani haufiki 38,000. Mafia nayo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, mpaka Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890 ikaangukia upande wa bara. Bila mkataba ule, huenda leo tungekuwa tunadai kiti cha pili. Hakuna Mmafia aliyeulizwa.

Kwa hiyo kiti kibaki. Ila kama bahari ndiyo sababu ya kupewa jimbo, basi mbunge yeyote wa hapa, wa leo na wa kesho, aivuke hiyo bahari. Mwenye wapiga kura wachache hivi hana kisingizio cha kutofika Jibondo.

Nawasilisha. Wewe mdau unasemaje?