Mwari wa Jangwani



Wapendwa wasomaji, juma hili mwanafunzi mmoja wa mafundisho ya watu wazima hapa Tabora alituletea swali. Alikuwa amesoma Zaburi ya 102, sala ya mtu aliyeelemewa na mateso, akamkuta mzaburi akijifananisha na mwari aliye jangwani. Akauliza: "Baba, huyu mwari ni msichana au ni ndege?"

Kiswahili kina mwari wawili. Wa kwanza ni binti aliyevunja ungo, ambaye watu wengine humwita mwali. Kwa desturi ya Wazaramo na makabila mengine ya pwani, huwekwa ndani na kufundwa na kungwi kabla ya kutolewa hadharani. Wa pili ni ndege mkubwa wa majini, mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo, ambao huutumia kama wavu wa kuvulia samaki. Kiswahili kilipanda bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Neno lilifika pamoja na wapagazi, lakini ndege wengi wetu hatujamwona. Amtakaye na aende Ziwa Rukwa au Ziwa Viktoria. Si ajabu basi kwamba msikilizaji wa hapa humfikiria binti kwanza.

Katika Zaburi ni ndege. Waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki kabla ya Kristo walilifasiri neno la Kiebrania kwa jina "pelekan", lenye uhusiano na neno la Kigiriki la shoka, na Kilatini kikalifuata. Wataalamu wengine wa leo hudhani kwamba mzaburi alikusudia aina ya bundi. Hata hivyo mwari alikwisha kuingia katika sala ya Kanisa.

Kitabu cha kale kiitwacho Physiologus husimulia kwamba makinda ya mwari yakikua huwapiga wazazi wao usoni. Wazazi hughadhibika, huyapiga na kuyaua. Ndipo huomboleza siku tatu, na mama hujitoboa ubavu, na damu yake huyafufua. Kwa sababu hiyo Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika utenzi wa Adoro te devote, anamwita Yesu kwa jina la ndege huyo. Mwari wa kweli hafanyi hivyo. Huinamisha mdomo kifuani, na makinda hula ndani ya mfuko wake.

Sisi mapadre hupenda kuhubiri habari ya damu na kuiruka ile ya ghadhabu. Lakini mzazi mmoja alikuja kwetu wakati wa Kwaresima, si kwa kitubio bali sebuleni, naye ameturuhusu kuandika. Binti yake alipata mimba akiwa shuleni, naye akamfukuza nyumbani usiku. Hasira yake ilidumu saa moja, na ukimya uliofuata ulidumu miaka mitatu. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule rasmi. Mlango wa shule umefunguliwa, lakini wa nyumba ya baba bado mzito.

Tulimsimulia habari ya ndege huyu, tangu ghadhabu hadi damu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na baba wa makinda alifanya nini?" Masimulizi hayasemi. Tulimjibu kwamba jambo hilo limeachwa kwake.

Baada ya Pasaka alipanda basi kwenda Nzega, kwa shangazi wa binti huyo. Alirudi peke yake, lakini amemshika mjukuu wake mikononi, na amepewa namba ya simu. Ufufuko wa nyumba nyingi huanza na kitu kidogo namna hiyo.

Ndugu wapendwa, kama kuna mwari wako aliye jangwani, usingoje akutafute yeye. Aliyepiga ndiye atangulie kuinama.

Tuwaombee wari wote waliofungiwa nje. Amina.