Mfungwa Anayekufa

Tukitaja matendo ya huruma twasema upesi «kuwatazama wafungwa», nasi twafikiri chakula na sabuni. Nani anamfikiri mfungwa aliye kufani?

Huko Marekani, katika Louisiana, liko gereza kubwa liitwalo Angola, jina la shamba la watumwa la zamani. Wengi wamefungwa humo maisha, nao watafia humo. Mwaka 1998 wafungwa wenyewe, kwa hiari yao, walianza kufundishwa kuwauguza wenzao wanaokufa. Huwaosha, huwageuza kitandani, huwalisha kwa kijiko. Saa za mwisho zikikaribia hupokezana usiku na mchana, mgonjwa asiachwe peke yake. Mwuaji amfuta jasho mwuaji mwenzake! Wengine watachukizwa, mimi naona Injili imesomwa humo vema kuliko katika nyumba zetu nyingi. Hata sanduku la maiti hulichonga wenyewe, nalo huvutwa na farasi mpaka makaburini.

Kwetu Kongo mfungwa hutegemea sana chungu cha jamaa zake. Padri huingia na Mafuta Matakatifu, kisha hutoka, na usiku ni mrefu. Yule asiye na jamaa, ni nani atamwinua kichwa apate kunywa maji?