Tusikilize Kwanza, Ndipo Tuhukumu

Neno "uhuni" ni jepesi kutamka. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bugarama, katika wilaya ya Rusizi, tumelisikia mara nyingi likitupiwa muziki wanaoupenda vijana wetu: singeli ya Dar es Salaam, trapu ya Kigali, na ngurumo za elektroniki na roki kutoka Kampala na Nairobi. Kwa kuwa wanafunzi hutuuliza kama Kiswahili cha humo ni Kiswahili kweli, tumeona yafaa tuzisikilize albamu zenyewe. Haya ndiyo maoni yetu.

Tuanze na singeli, ambayo kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Jina la kampuni hiyo humfanya Mswahili aone haya, lakini kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Mwaka 2019 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Mwalimu na atazame majina hayo mawili. La kwanza limeacha "ni", kama watu wasemavyo sokoni, na maana haikupotea. La pili limeundwa kwa kanuni: ingia, ingiza, uingizaji. Somo la unyambulishaji limekaa juu ya jalada la santuri! Muziki wenyewe huchosha masikio baada ya nyimbo nne au tano. Hata hivyo ngoma zake zimepangwa kwa hesabu kali.

Iliyotupendeza kuliko zote ni Kubali ya MC Yallah na Debmaster, ya mwaka 2019. Mwanamke huyu, aliyezaliwa Kenya na kukulia Uganda, hughani kwa Kiluo, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Hukata silabi kama fundi akatavyo kitambaa, na sauti yake haimezwi na mashine. Kwetu sisi tunaopakana na Burundi na Kongo, ambako muuzaji huanza bei kwa Kinyarwanda na kuimaliza kwa Kiswahili, kuhama lugha namna hii si jambo geni.

Trapu ilizaliwa kusini mwa Marekani, na vijana wa Kigali wameiita yao Kinyatrap. Tulipoisikiliza Ku Gasima ya Bushali, ya mwaka 2019, tuliona midundo inafanana mno na ya ugenini. Uhai wake umo katika maneno: Kinyarwanda cha mitaani kinachochezewa kwa ustadi, hata mzee hulazimika kumwuliza mjukuu maana.

Albamu ya Duma wa Nairobi, iliyotoka mwaka 2020 kwa jina la kundi lenyewe, haikutupendeza. Mayowe yamefukia maneno, na msikilizaji hapati mahali pa kupumzika. Lakini hata humo limo la kujifunza. Mswahili asikiapo "duma" humfikiria mnyama mwenye mbio. Wenyewe wamekusudia giza, kwa Kikuyu. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameanza kuzilinganisha lugha zetu za Kibantu.

Ndugu walimu, mtu anaweza kutoipenda albamu bila kuwatukana walioitunga. Sisi wa Rwanda tuna sababu ya pekee ya kulishika neno hili. Kwa miaka mingi Kiswahili chenyewe kiliitwa hapa nchini lugha ya wahuni na ya watu wasioaminika, na wapo waliowakataza watoto wao kukisema. Mwaka 2017 kikafanywa lugha rasmi, lakini sheria haiondoi dharau iliyomo moyoni. Ikiwa mwalimu wa Kiswahili ndiye anayemwambia kijana kwamba nyimbo zake ni za kihuni, kijana huyo atakiacha Kiswahili darasani pamoja na daftari lake, naye atakuwa na haki.

Twashauri basi kwamba mara moja kila muhula wanafunzi walete wimbo wanaoupenda, mradi maneno yake yafaa darasani. Wayaandike, watenge yaliyo sanifu na ya mitaani, kisha waujadili wimbo wenyewe: una nini, na umekosa nini. Mwalimu naye aseme asichokipenda, na atoe sababu. Hapo atakuwa amefundisha uhakiki pamoja na lugha.