Mshika Maji

Kinyozi aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kugusa wembe mpaka mvua za mwaka wa pili zilipoanza. Nilikuwa mshika maji. Wateja waliniita hivyo na mimi niliitika, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu alfajiri: kuwasha mbabula, kuchemsha sufuria, kukunja taulo, kupepea makaa yasizimike. Mwaka ulikuwa 1973, nchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire, na kibanda chetu cha mabati kilisimama kati ya gare, yaani stesheni, na bandari ya Kalemie, mahali ambapo vumbi la treni lilikutana na harufu ya ndagala.

Baba yangu alifanya kazi Filtisaf, kiwanda cha nguo kilicholisha nusu ya watoto niliocheza nao. Karo ya shule ilipomshinda, alinishika mkono akanipeleka kwa mzee ambaye mji mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Fundi alianza kunyoa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, wakati mji bado unaitwa Albertville. Reli hiyo, iliyofika ziwani mwaka 1915, ilikuwa imekusanya watu kutoka kila upande, Waluba, Waholoholo, Watabwa, Wabembe, na yeye alidai kwamba akifumba macho anaweza kumtambua mtu kwa kupapasa kidevu chake. Sikuwahi kumwona akijaribiwa. Sikuwahi pia kumwona mtu aliyethubutu kumbishia.

Watu hudhani kunyoa ni wembe. Fundi alisema wembe unamalizia tu, kazi yenyewe imefanywa na maji. Ndevu kavu ni ngumu na hukwaruza makali. Zikikaa kwenye joto na unyevu kwa dakika chache hunywa maji, hulainika, na hapo hata wembe wa wastani hupita bila kelele. Kwa hiyo taulo langu lilikuwa na sheria zake. Nililichovya kwenye maji ya moto, nikalikamua kwa ncha za vidole, nikalijaribu kwanza ndani ya mkono wangu karibu na kiwiko. Likiniunguza mimi, litamuunguza mteja. Likiwa vuguvugu tu, nimefanya kazi bure. Fundi hakugeuka kuniangalia. Alikuwa anauliza kwa mgongo:

"Mtoto, maji iko moto?"

"Ndiyo, baba."

"Moto ya chai ao moto ya mtu?"

Moto ya mtu, nilijifunza kujibu, lakini baada tu ya kuhakikisha.

Halafu kulikuwa na suala la maji gani. Ziwa Tanganyika lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, maji yasiyokwisha, na bado Fundi hakutaka povu lake litengenezwe kwa maji ya ziwa. Maji yale yana madini mengi. Sabuni huyachukia, inatoa povu jembamba linalokauka shavuni kabla wembe haujafika. Tulikuwa na pipa chini ya ukingo wa bati, na kuanzia Oktoba hadi Aprili lilijaa maji ya mvua. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya povu. Ya ziwa yalikuwa ya kuoshea taulo na kumwagia vumbi mlangoni. Wakati wa kiangazi pipa likikaribia kukauka nilipima maji ya povu kwa kikombe cha kahawa, na ole wangu nikinawia mikono.

Sabuni ilikuwa ya kipande, tuliikwangua kwa kijiko ndani ya bakuli la bati. Unaongeza maji kidogo, unazungusha brashi, unaongeza tena. Povu zuri linasimama. Ukigeuza bakuli juu chini halianguki, na mimi niligeuza bakuli kila asubuhi ili Fundi aone, mpaka siku moja akaniambia niache michezo ya sarakasi.

Wembe wenyewe ulikuwa wa kukunja, chuma cha Ujerumani chenye neno Solingen karibu na mpini. Kabla ya kila mteja ulipitishwa kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye msumari wa nguzo. Mgongo wa wembe hutangulia, makali hufuata. Ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza kwa mgongo wake, kamwe si kwa makali, halafu unarudi. Ukitanguliza makali unakata mkanda, na mkanda wa ngozi nzuri ulikuwa ghali kuliko mimi. Fundi alinipa wembe mkuukuu uliokufa makali nijizoeze mwendo huo jioni wateja wakiisha. Sauti ndiyo iliyonifundisha. Ukibonyeza sana ngozi inalia. Ukiulaza vizuri unasikia mchakacho laini wa urefu ule ule kwenda na kurudi.

Miaka ile ilikuwa ya ajabu kwa vichwa vya watu. Vijana wote walitaka nywele ndefu za duara, kama wanamuziki kwenye majalada ya sahani za santuri, na kijana mwenye nywele za namna hiyo hamhitaji kinyozi kwa miezi. Vinyozi wengine walilalamika. Fundi alihamia kwenye ndevu. Na hapo, sijui kama kuna mwanahistoria aliyeliandika hili, Rais Mobutu alitusaidia bila kukusudia: suti na tai vilipopigwa marufuku na abakosti ikawa vazi la mtu wa heshima, koo la mwanamume lilibaki wazi. Hakuna kola ngumu, hakuna fundo la tai la kuficha vipele na ndevu zilizosahauliwa. Mkuu wa ofisi aliyekuwa ananyoa mara moja kwa juma sasa alikuja mara tatu. Tulinyoa shingo za watu wakubwa wa mji wote, mbele na nyuma, na nyuma nilisimama mimi na taulo.

Vipele ndivyo vilivyokuwa elimu ya kweli ya Fundi. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, hasa ukinyoa kinyume na zinavyoota, ncha inabaki imechongoka chini ya ngozi. Ikianza kukua inajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani, au inatoka nje na kurudi kuingia pembeni. Ndiyo ile shingo yenye vijipu vidogo vyeusi ambayo wengi huilaumu sabuni, au wembe mchafu, au mkono wa mtu mwenye kijicho. Fundi alinyoa kwa kufuata mwelekeo wa ndevu, mpito mmoja, pengine wa pili, na aliacha kivuli. Ukipitisha kiganja unahisi kitu kidogo sana. Maofisa wengine walikasirika. Walitaka kuteleza kama shavu la mtoto, kama walivyowaona Wabelgiji.

"Nitakupa leo," Fundi alimwambia mmoja, "na siku ya ine utarudia hapa na kilio."

Alirudi kweli. Fundi alimlaza kichwa nyuma, akanipa mimi taulo la moto nilibane shingoni, halafu akachukua sindano aliyoipitisha kwenye moto na kwenye spiriti. Nilishika taa. Aliutafuta unywele mmoja ndani ya kipele, akaingiza ncha ya sindano chini ya kitanzi chake, akakiinua polepole mpaka ncha ya unywele ikachomoka. Hakuing'oa. Aliiacha imesimama. Aliziinua moja moja, shingo nzima, na yule ofisa mwenye nyota mabegani akatulia kimya kama anasukwa nywele na mama yake.

Mshika maji alitakiwa pia kuwa kiziwi. Watu wakilaza vichwa nyuma na kufunikwa taulo husema. Sijui ni joto au ni kule kutoonana macho. Niliwasikia watu wakinong'ona juu ya mambo ya 1964, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa Soumialot mwezi wa Juni na kurudishwa na jeshi na mamluki mwishoni mwa Agosti. Nani alimwonyesha nani, nani alilala porini. Nilisikia pia juu ya waasi wa Kabila waliokuwa bado milimani upande wa Fizi. Mwenye ndevu nyingi zisizotunzwa alitazamwa mara mbili bandarini wakati ule, na wapo waliokuja kwetu moja kwa moja kutoka kwenye mtumbwi kabla ya kwenda popote. Fundi hakuwauliza watokako. Mtu akianza kusema sana, alinituma nje kuongeza makaa, hata kama mbabula imejaa.

Kimya ninachokikumbuka kuliko vyote ni cha asubuhi moja ya Juni 1974. Usiku uliotangulia Leopards, timu ya taifa, walikuwa wamecheza na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani, na redio ilikuwa imehesabu mabao mpaka tisa. Tisa kwa bila. Benchi letu lilijaa kama kawaida na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu timu ilikuwa ya Rais, na hujui jirani yako kwenye benchi anafanya kazi gani ya jioni. Mwishowe mzee mmoja wa reli alikaa kwenye kiti, akajiangalia kiooni, akasema, "Fundi, leo usihesabu. Nyoa tu." Wembe ulilazimika kusubiri, maana mabega ya Fundi yalikuwa yanatikisika.

Zamu yangu ya kushika wembe haikuja kwenye kiti. Kwanza ilikuwa chupa ya bia ya Simba niliyoipaka povu kila jioni na kuliondoa bila kukisikia kioo kikilia. Halafu ilikuja kwenye kilio. Kwetu, matanga yakiisha, wafiwa hunyolewa kichwa, na Fundi aliitwa nyumba nyingi. Alinipeleka mtaa wa Kataki kwenye familia kubwa, wanaume wamepanga mstari uani, na akanipa wavulana. Njiani alinieleza kwa nini: aliyefiwa haombi kioo. Ndipo nilipojifunza kazi ya mkono wa kushoto, ambayo ni kuvuta ngozi. Mkono wa kulia unaongozwa. Wa kushoto ndio unaonyoosha mahali ili makali yasikute bonde. Nyuma ya sikio, kwenye kisogo, pale kwenye mfupa, unavuta kwa kidole gumba, unapita, unasogeza. Baadaye tuliitwa pia na Waislamu wa mjini kunyoa nywele za watoto wachanga siku ya saba. Kichwa hicho Fundi hakuwahi kumwachia mtu.

Uso wa mtu mzima niliupata mwaka 1975, na uso wenyewe ulikuwa wa Fundi. Hakunionya. Alimaliza mteja wa mwisho, akakaa kitini, akalaza kichwa, akafumba macho. Nilisubiri aniambie kitu. Baadaye nilielewa kwamba anasubiri taulo.

Kufikia wakati huo vifaa vilikuwa vimeanza kuwa adimu. Novemba 30, 1973 Rais alikuwa ametangaza biashara za wageni zipewe wananchi, na duka tulikonunua sabuni ya kunyolea na spiriti lilibadilisha mmiliki. Mwenye duka mpya aliuza kilichokuwamo, halafu akauza rafu. Brashi yetu ilikonda mpaka ikabaki kishungi. Shabu ya kukaushia damu ililetwa na wachuuzi waliovuka ziwa kutoka Kigoma, imefungwa kwenye nguo pamoja na chumvi, na Fundi aliigawa kwa nyundo kama dhahabu.

Kilichoumaliza wembe wa kukunja hakikuwa umaskini, kilikuwa SIDA, yaani UKIMWI. Katikati ya miaka ya themanini habari zilifika kutoka Kinshasa, na zilipofika hazikubishana na mtu. Wateja walianza kuja na wembe wao mfukoni, ule wa karatasi, wa makali mawili. Tuliuvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, tukabana nusu kwenye mpini, tukautupa mbele ya macho yao. Ni sawa kabisa, na ingefaa tufanye hivyo mapema zaidi. Damu ilikuwa na magonjwa mengine kabla ya hilo. Fundi aliukunja wembe wake wa Solingen, akaufunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Aliendelea kunyoa kwa nusu wembe mpaka macho yalipomkataa.

Mimi nilinyoa Kalemie mpaka vita vya 1998, baadaye Kigoma, halafu nikarudi. Siku hizi mjini kuna saluni zenye vioo vya ukuta mzima na muziki, na mashine zinazotegemea umeme wa kituo cha Bendera. Ukikatika, kijana anavuta kamba ya jenereta au anakaa na simu yake mteja akiwa amenyolewa nusu. Majuzi niliingia katika moja, karibu na Avenue Lumumba. Kijana alikuwa hodari, mkono wake wa kushoto ulijua kazi. Nilipomwona anageuza mashine kupanda kutoka kooni kwenda juu, nilimwambia afuate ndevu zinavyolala.

"Papa, hivyo haimaliziki muzuri," akasema.

"Utaniletea vipele."

"Niko na dawa ya kupakaa."

Alinipaka kitu cha buluu kinachonukia pipi. Nilimlipa, nikamwachia na kidogo cha soda. Siku ya nne shingo ilianza kuwasha, na mjukuu wangu akashika taa.