Maji ya Endulen na Safari Yake

Aendaye Endulen kutoka Karatu hupanda kwanza katika msitu wa Ngorongoro, penye ukungu na matope, akauzunguka ukingo wa kreta, kisha huteremkia magharibi, kwenye nyasi kavu na vumbi. Milima ni ile ile, ila mvua hunyesha zaidi upande wa mashariki.

Si maji yote ya msituni yashikayo njia ya mito. Mengine huzama katika majivu ya volkano na nyufa za miamba, yakasafiri polepole gizani hadi yakutanapo na tabaka gumu. Hapo hutafuta upenyo na kububujika. Ndiyo Ngoitokitok ndani ya kreta, ndizo chemchemi za Mang'ola, chini ya mlima Oldeani, zinyweshazo mashamba ya vitunguu. Msitu ukifyekwa, mvua hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama.

Lakini miamba hiyo huyatia maji madini ya floraidi. Yakizidi, meno ya watoto huwa ya kahawia, hata mifupa huathirika. Kuchemsha huua vijidudu, floraidi hubaki. Na chemchemi mbili jirani huweza kutofautiana, basi mzazi achotaye kwa ajili ya mwanawe asitazame weupe wa maji, bali aulize ni ipi iliyopimwa.