Kisima Hakifungashiki

Katika mijadala yetu ya istilahi hudaiwa mara kwa mara kuwa mambo ya ndani ya Java hayasemeki kwa Kiswahili. Dai hilo nililipima, ndugu msomaji, katika chama kimoja cha wakulima wa maembe mjini Wote, Makueni.

Betri ya akiba ilipopungua, seva ilijizima kwa utaratibu, ikiandika kwanza vikao vya makarani diskini. Umeme uliporudi, orodha za uzani zilionekana zote. Lakini kila karani alipobonyeza "hifadhi", programu ilikwama. Wakulima, ambao hulipwa kwa uzani uliohifadhiwa, walianza kunung'unika.

"Mwalimu, hesabu ipo, mbona haihifadhiki?" aliniuliza karani mmoja, mzaliwa wa Kitui. Nilimjibu kwa safari yake mwenyewe. Alipohamia Wote alifungasha vyungu na vibuyu. Kisima alichochimba mchangani mwa mto hakikufungashika. Data za kikao nazo hugeuzwa mfuatano wa baiti: huo ndio ufungashaji, uliomo katika Java tangu 1997. Kiungo cha hifadhidata, ambacho mfumo hukipachika kutoka nje, ndicho kisima. Ukilazimisha kukifungasha, Java hukataa mzigo mzima. Ukikiacha kwa alama ya "transient", kikao hurudi na pengo mahali pake. Dawa ni kupachika wakala mwepesi, anayefungashika, ambaye kila aitwapo hutafuta kisima cha huko alikofika.

"Kumbe programu imerudi na kibuyu mkononi, haijui maji yaliko!" akasema.

Istilahi ya kukopa, "usirialishaji", isingemfikisha hapo.